Koti la Mtani

Siku niliyotetea tasnifu yangu, mama alilichukua koti la mwenyekiti wa jopo mbele ya watu wote, akalivaa, akarudi kuketi. Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi kwenye harusi na vikao, na watu hucheka, wakishacheka wanarudi kwenye sahani zao. Leo nataka kukisimulia mpaka mwisho wake.

Mimi ni mwalimu. Nilifundisha sayansikimu sekondari mpaka mvi zikaanza kuchungulia, ndipo nikarudi chuo kikuu kusomea uzamivu, wenzangu wa rika langu wakiwa wanalea wajukuu. Nilichokisomea hakikuwa kitu kigeni kwangu: jinsi wanawake wa Unyamwezi wanavyokausha chakula na kukiweka mpaka msimu mwingine. Majani ya kunde. Viazi vitamu vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, vinavyoitwa michembe. Na viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, yaani matobolwa, ambayo mtoto wa Tabora huyatafuna njia nzima ya shule, na mwalimu akimuuliza swali anajibu mdomo umejaa.

Aliyenifundisha mambo haya ni mama. Aliishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na jiwe kubwa bapa ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu aliliweka pale kwa ajili ya viazi tu. Wageni waliokuja kutazama tembe alilofikia yule mzungu msafiri wa zamani walipita mbele ya nyumba na kamera zao, wakarudi, wakaenda zao. Mama alikuwa akiwapungia mkono huku akigeuza viazi. "Hao wamekuja kuangalia alipolala mgonjwa," alikuwa akisema, "na aliyempikia hawamuulizi."

Alitusemesha Kinyamwezi, sisi watoto tukamjibu Kiswahili. Nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo mpaka leo. Shuleni ukikamatwa na neno la kilugha ulikuwa unachapwa, kwa hiyo tuliyaacha yale maneno mlangoni kama ndala, na siku tulipotaka kuyavaa tena miguu ilikuwa imekua. Nilisikia kila kitu, lakini ulimi wangu ulikuwa unachechemea. Pale Ng'ambo, mtaa wa mjini ninakoishi, kuna mzee muuza vitambaa, Mwarabu wa Tabora ambaye mababu zake walitoka Omani na kuzikwa hapa hapa. Mama akiingia dukani kwake walikuwa wanakatana bei kwa Kinyamwezi kitamu, na methali juu. Nikijaribu mimi, mzee yule alifuta machozi kwa kucheka. "Binti yangu," akaniambia siku moja, "wewe sema Kiswahili, tutaelewana." Nilinuna mpaka jioni, na kununa mimi najua.

Kwa hiyo nilipoanza utafiti nilianza na jiwe la nyuma ya nyumba. Ilikuwa asubuhi ya Julai, ile baridi ya kwetu inayokauka puani. Mama alikuwa akipita kati ya vipande vya viazi, anachukua kimoja, anakivunja karibu na sikio, anakirusha upande huu au upande ule. Hakuvitazama. Nikamuuliza anajuaje. Akasema sentensi moja ya Kinyamwezi, akaisema kwa mdundo, kama mtu anayetwanga, na nilijua palepale kwamba aliifundishwa na mama yake na mama yake aliifundishwa na mwingine. Kwa Kiswahili ni hivi: kipande kilichokauka ukikivunja huitika, kisichoitika usikiweke ghalani, kirudishe juani.

Nikamwomba ruhusa niirekodi. Akaniangalia.

"Maneno haya unayapeleka wapi?"

"Chuo kikuu, mama."

"Yataingia kama yalivyo, au mtayavua nguo mlangoni?"

"Yataingia kama yalivyo."

"Unaniahidi?"

Nikaahidi. Ahadi ni kitu chepesi ukiwa umekaa juu ya jiwe lenye jua. Wiki haikuisha, Kwihara nzima ikajua. Wanawake wenzake wakimuuliza habari za nyumbani, mama aliwajibu kwamba wote wazima, na maneno yake yanasoma chuo kikuu.

Nikaiandika sura yenye maneno hayo. Maneno ya wanawake yakakaa juu, kwa Kinyamwezi, kama walivyoyasema. Chini yake Kiswahili. Chini yake Kiingereza. Msimamizi wangu, mtu mpole anayeogopa vikao, akaisoma akakuna kichwa. Akaniambia niwe tayari, sura hiyo haitapita salama, lugha za makabila ni za nyumbani na chuo kina taratibu zake. Nikamjibu kwamba kila kongamano la chuo hicho hicho hufunguliwa na mtu mwenye tai akisema mwacha mila ni mtumwa, kisha watu wanapiga makofi na kwenda kunywa chai. Sasa mila yenyewe imekuja imebisha hodi, mnaikagua viatu. Akasema, "Mwalimu, punguza moto." Watu wengi wameniambia hivyo maishani.

Utetezi ulifanyika hapa hapa Tabora, katika ukumbi wa tawi la chuo. Jopo lilitoka Dar es Salaam. Nilimwomba mama asije, baridi ni kali na yeye kifua chake kibovu. Alikuja. Nilimwona anashuka kwenye bodaboda getini, amekaa upande kama bibi harusi, amefunga khanga mpya na kukumbatia mfuko wa matobolwa, maana aliamini popote penye watu wengi kuna mwenye njaa. Mlangoni alikutana na mwenyekiti wa jopo, profesa mmoja mnene, mvi tupu, aliyevaa koti zito la kijivu. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu zote, mama akaitikia marahaba, kisha akamuuliza kwao wapi.

"Kisarawe, mama."

"Mzaramo?"

"Mzaramo mwenyewe."

Mimi nilikuwa nahangaika na nyaya za projekta, sikuona uso wa mama. Ningeuona, ningejua.

Asiyejua utani wa kwetu nimweleze kidogo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe na mizigo kutoka huku hadi pwani, na njia ilipita kwao. Aliyechoka alilala kwao, na aliyekufa walimzika wao. Mtu aliyekuzika huwezi kugombana naye tena, mama alisema, kwa hiyo ikabaki kutaniana. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu mpaka ukikomboe, kukuzuilia msiba wako mlangoni, na kukasirika ni mwiko. Vijana wa siku hizi utani wanaujua kwenye mpira tu, lakini mama alikulia ndani yake.

Nilieleza kazi yangu, na ilikwenda vizuri. Profesa akauliza jinsi nilivyopima unyevu, nikajibu. Akauliza kuhusu ukungu ghalani, nikajibu. Ukumbi ulikuwa umepata joto chini ya mabati, akavua koti akalitundika kwenye kiti. Kisha akaifungua ile sura, na nikaona kidole chake kinashuka taratibu.

Alisema sura hiyo inapendeza kusikiliza lakini haina mahali. Kati ya wanajopo hakuna anayeijua lugha hiyo, na kisichoweza kuhakikiwa hakiwezi kupewa shahada. Alipendekeza itolewe yote, ibaki tafsiri. Hayo aliyasema kwa Kiingereza. Kisha, nadhani kwa kutaka kupoza, akawageukia watu kwa Kiswahili akasema, "Hii, ndugu zangu, ni lugha ya jikoni. Na hapa hatupiki."

Watu wakacheka kidogo. Mimi damu ilinipanda. Tasnifu nzima ilihusu jiko, na mtu anaiambia itoke jikoni. Lakini zaidi ya hasira nilisikia uchungu, kwa sababu mama alikuwa amekaa safu ya nyuma, na Kiswahili alikisikia vizuri. Nilikuwa nimemwahidi.

Mama akasimama.

"Mtani," akasema, "mbona umechelewa kunitukana? Nakungoja tangu asubuhi."

Akatembea mpaka mbele, bila haraka, kwa zile kandambili zake. Akalitoa koti la profesa kwenye kiti, akalivaa juu ya khanga, likamfika magotini, akarudi kuketi. Ofisa mmoja wa chuo alimkimbilia akinong'ona mama tafadhali, mama tafadhali. "Wewe kaa," mama akamwambia, "haya hayakuhusu. Huyu ni wangu."

Kuna aliyewahi kutamani ardhi ipasuke immeze? Mimi niliitafuta ile ardhi kwa macho. Niliona miaka yangu yote ya kusoma inatoka mlangoni imevaa koti la kijivu. Maana mimi nilielewa kilichotokea: profesa hakuwa akitania. Alikuwa amesema kweli yake, na mama, kwa kuwa mtu yule ni Mzaramo, aliyapokea maneno yake kama salamu.

Profesa alivua miwani. Alimtazama mama kwa muda mrefu, na ukumbi mzima ukamtazama yeye. Kisha kitu kikalegea usoni mwake, nikamwona ghafla alivyokuwa mtoto.

"Wanyamwezi," akasema, kwa sauti tofauti kabisa. "Tangu zamani kazi yenu kubeba mizigo ya watu. Kumbe mmefika mpaka kwenye makoti?"

Ukumbi ulilipuka. Mama peke yake ndiye hakucheka, mtani hachekei hoja ya mtani.

"Tulibeba mpaka kwenu, tukafa njiani, mkatuzika," akasema. "Hatukusikia mkilalamika."

"Tulilalamika sana. Mlikuwa wazito."

"Basi komboa koti lako."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa hiyo sura. Nisomee maneno yangu, kwa mdomo wako, halafu ndiyo useme kama yatoke."

Na profesa akasoma. Sitasahau. Mtu aliyezunguka dunia akitoa mihadhara alisimama pale akiipapasa sentensi ya mama kama mtu anayevuka mto kwa miguu. Mama alimrudisha. Akasoma tena. Mama akamrudisha tena, akamwambia ulimi wake umelowa tui la nazi. Alipofika mwisho akauliza, kwa upole, maana yake nini pale kwenye kuitika. Mama akatoa tobolwa mfukoni, akaenda, akalivunja karibu na sikio la profesa.

Nisiwadanganye kwamba mambo yaliishia hapo kwa vigelegele. Jopo lilitoka, likakaa, likarudi. Profesa alisema sura inabaki, lakini kwa masharti. Alitaka kila sentensi ihakikiwe na wasemaji wengine, si wa Kwihara peke yake, na nieleze ilivyohakikiwa. Kisha bodi ya chuo ikubali kwamba kilugha kinaweza kukaa ndani ya tasnifu. Masharti yalikuwa mazito na, naomba nilikiri hili, yalikuwa ya haki. Nilikuwa nimemwandika mama kana kwamba Unyamwezi wote ni mama.

Watu walipoanza kutoka, profesa akamfuata mama akanyoosha mkono kudai koti.

"Sura imeshapita?" mama akamuuliza.

"Bado, kuna bodi."

"Basi koti linakaa rehani. Ikipita, njoo Kwihara ulichukue."

Profesa akarudi Dar es Salaam na shati. Njiani nilimuuliza mama kama kweli alidhani yule mtu alikuwa anatania. Akanishangaa. "Mzaramo aniambie neno kama lile na asiwe anatania? Ana wazimu?" Mpaka leo sijui kama alikosea au alijua vizuri anachokifanya. Kila nikiuliza alinijibu vilevile, kwa uso uleule.

Kuhakiki kulinipeleka mbali. Nilikwenda mpaka Puge, kule Nzega, nikakaa na wanawake wa huko, na wao wakanikatalia nusu ya mambo ya mama. Walisema viazi humenywa baada ya kuchemshwa, si kabla, na kwamba mtu wa Kwihara anayeweka majivu ghalani anapoteza majivu. Ile sentensi ya kuitika waliijua, lakini wao waliisema kwa maneno mengine kidogo na mdundo mwingine. Nilirudi nikamweleza mama. Alikasirika siku nzima. "Watu wa Puge wanajua nini?" akasema. Kisha, jioni, nikamkuta amekaa jikoni anamenya viazi vilivyochemka, vinamuunguza vidole. Anajaribu. Nilimpenda sana siku ile.

Bodi ilichukua muda wake, na bodi hazijui kwamba wazee nao wana muda wao. Mama alianza kukohoa zaidi. Asubuhi za baridi alivaa lile koti akienda jiweni. Likapata harufu ya moshi, mifuko ikajaa makombo ya matobolwa. Na simu ikawa inalia. Alikuwa anatoka nje ya nyumba kuongea, nasikia anapiga kelele neno moja la Kinyamwezi mara nyingi, anasonya, anacheka, analirudia. Nikimuuliza nani, anasema mtani wake. Nikauliza, anataka koti lake? "Anajifunza kuongea," akasema. "Mtoto mzito, lakini anajitahidi." Nilidhani wanataniana tu.

Siku barua ya bodi ilipokuja nilipanda bodaboda mpaka Kwihara bila kusimama. Sura ilikuwa imekubaliwa, na zaidi ya hapo, idara ilikuwa tayari kuanzisha somo la maarifa ya asili, na wanafunzi wangesoma sehemu yake kwa lugha ya wenyeji wa mahali wanapofanyia kazi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama maneno yake yameingia na nguo zake zote. Nikamwambia yote, hata kilemba. Akafunika uso na khanga, akakaa hivyo, nami nikakaa karibu yake nikalia. Sioni aibu kulisema.

Msimu uliofuata, nikiwa mwalimu wa somo hilo, niliwaleta wanafunzi jiweni. Wengi walikuwa watoto wa mijini, wametoka Mbeya, Tanga, Dar es Salaam, simu mkononi. Mama aliwapokea akiwa na koti la profesa, wakanong'onezana kwamba bibi amevaa joho. Aliwafundisha salamu kwanza. Asiyemwamkia kwa Kinyamwezi hakupewa kisu, na asiye na kisu alichota maji tu. Kuna msichana mmoja, Mmakonde, aliuliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kuandika ya bibi yake kwa Kimakonde. Mama akanitazama mimi. "Anaweza?" Nikasema anaweza. Na kweli aliandika.

Profesa hakuja kuchukua koti. Kila mwaka alisema atakuja kipupwe, na kila kipupwe alipatwa na kikao. Mama hakujali. Alisema rehani nzuri ni ile isiyokombolewa, maana mtani hawezi kukusahau.

Kifua kilimchukua mwanzoni mwa mvua, kwa haraka, karibu kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Alikuwa anazungumza na mimi kuhusu mbegu, akapumzika, hakuendelea. Sina maneno ya hapo na sitayatafuta. Nilipoweza kushika simu nilimpigia mjomba wangu, kaka yake mama, kisha nikampigia profesa. Nilimwambia tu kwamba amekwenda. Akasema, "Msitoe jeneza kabla sijafika."

Kesho yake, baada ya swala ya adhuhuri, kila kitu kilikuwa tayari. Ua wa Kwihara ulijaa. Wanawake wa Ng'ambo walikuja, yule mzee muuza vitambaa alikuja na sanda, wanafunzi wangu walisimama ukutani hawajui waweke wapi mikono. Sheikh alitazama jua. Profesa hakuonekana, nami nilishakata tamaa, nikasema moyoni kwamba ni mtu wa vikao, atatuma rambirambi. Wanaume wakashika jeneza, wakalinyanyua, wakaanza kwenda kwenye lango.

Bodaboda ikasimama pale. Akashuka, mzee mnene, vumbi mpaka kwenye nyusi, shati bila koti. Hakutoa pole kwa mtu. Alisimama katikati ya lango akatandaza mikono.

"Hatoki mtu hapa," akasema. "Huyo mliyembeba ni mwizi wangu."

Wanafunzi walishtuka, mmoja wao akataka kwenda kumwondoa. Wazee walimshika. Nilimwona mjomba anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Mtani amefika," akasema. "Tueni." Wakalitua jeneza chini. Hata sheikh alirudi nyuma hatua akainamisha kichwa, naye pia mama yake ni wa huku.

Mjomba akanituma koti. Lilikuwa nyuma ya mlango, kwenye msumari wake. Nilipolishika harufu yote ya mama ilinijia, moshi na viazi na mafuta ya nazi, nikasimama mle chumbani mpaka waliponiita. Nikatoka nikampa. Akalivaa. Akatia mkono mfukoni, akatulia, akatoa kipande cha tobolwa kilichosahauliwa humo. Akakipeleka sikioni, akakivunja. Sote tulisikia.

"Hiki kinaitika," akasema.

Kisha akapiga goti mbele ya jeneza, kwa shida, kwa sababu ya unene na umri, akamwamkia mama kwa Kinyamwezi, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa wake. Akangoja. Alingoja muda ule ule ambao mtu hungoja kuitikiwa. Kisha akaisema ile sentensi. Yote, na mdundo wake, bila kujikwaa hata mahali pamoja, na ndipo nikaelewa zile simu zilikuwa za nini. Ilikuwa sauti ya mama, imetoka kwenye kinywa cha Mzaramo.

"Nimemwamkia, haitiki," akatuambia sasa kwa Kiswahili, na sauti ikamkatika. "Yeye mwenyewe kasema kisichoitika hakiwekwi ghalani. Mnampeleka wapi? Mrudisheni juani."

Nilicheka. Kwanza nilicheka, kwa nguvu, pale pale mbele ya sheikh na mashangazi, na wanawake wote wakacheka na mimi, kisha kicheko kikageuka na nikalia kilio ambacho kilikuwa kimenikwama tangu jana. Mjomba akaleta kikapu cha matobolwa, kile cha mwisho alichokausha mama, akamkabidhi mtani kama fidia. Profesa akakipokea, akakitazama, akanipa mimi nimshikie. Akasogea pembeni ya lango.

Lakini hakukaa pembeni. Wanaume walipoinama tena kushika jeneza, alimgusa kijana wa mbele begani, akamtoa, akaingia mahali pake. Mjomba akataka kumzuia, safari ya makaburini ni ndefu na yeye ni mzee na mgeni.

"Acha," akasema. "Wanyamwezi mmebeba vya kutosha. Leo nabeba mimi."

Wakanyanyua. Mjomba, ambaye alikuwa ameambiwa kisa cha ukumbini mara nyingi kuliko mtu yeyote, akamuuliza ilivyompasa kumuuliza.

"Vipi mtani, mzito?"

Profesa alikuwa anatazama mbele. Machozi yalikuwa yanashuka na mikono yote miwili ilikuwa na kazi, hakuweza kuyafuta.

"Mwepesi," akasema. "Mwepesi mno."

Wakatoka naye. Sisi wanawake tulibaki langoni, mimi na kikapu changu, tukaliangalia lile koti la kijivu mpaka njia ilipokata.